Nina kisukari lakini aina haijajulikana: je, niendelee na sindano?

Kijana mmoja wa bodaboda, miaka 34, alifika kliniki yetu ya kisukari. Kabla hajafungua mdomo niliuona mkanda wake: matundu matatu mapya, yametobolewa kwa msumari. Alikuwa ameshatibiwa taifodi mara mbili na UTI mara moja. Tulipompima kidoleni sukari ilikuwa 27 mmol/L, juu mno, na mkojo ulikuwa na ketoni, asidi zinazojaa mwili ukichoma mafuta kwa kukosa insulini. Akalazwa, akapewa dripu na insulini, akatoka anatembea. Wiki tatu baadaye akarudishwa kwa machela. Sindano aliziacha, kwani, kwa maneno yake, "hata dokta mwenyewe hajui nina aina gani."

Mgonjwa wa namna hii nimeshampokea mara nyingi mno. Haya ndiyo maswali ninayoulizwa, na majibu ninayotoa.

Aina ya kwanza na ya pili zinatofautianaje?

Aina ya kwanza: kinga ya mwili inashambulia kongosho, kiwanda cha insulini kinakufa. Aina ya pili: insulini ipo lakini mwili hauisikii vizuri, na kongosho linachoka taratibu. Ya kwanza haiishi bila sindano. Ya pili huanza na mlo, mazoezi na vidonge, na wengine baadaye huhitaji sindano pia.

Sista, aina ya kwanza si ya watoto? Mimi nina miaka 40.

Hapana. Inaweza kuanza ukiwa na miaka 8, 25 au 50. Kwa baadhi ya watu wazima inakuja polepole: vidonge vinafanya kazi miezi kadhaa, mwaka, hata zaidi, kisha sukari inagoma kushuka na nguo zinaanza kupwaya. Hapo mgonjwa analaumiwa kuwa anakula ugali mwingi, kumbe ni kongosho linalozima. Ukiona vidonge unameza vizuri na bado unakonda, njoo. Usisubiri tarehe ya kliniki.

Kwa nini dokta hakuniambia aina moja kwa moja?

Kwa sababu siku ya kwanza mara nyingi haijulikani, na kukiri hivyo si uzembe. Shirika la Afya Duniani lenyewe, katika mpangilio wake wa mwaka 2019, liliweka kundi la muda la kisukari ambacho aina yake bado haijabainika. Tunaangalia dalili: mwembamba aliyekonda kwa wiki chache na ana ketoni, tunashuku ya kwanza. Mwenye kitambi, presha, shingo iliyokolea weusi na wazazi wenye kisukari, tunashuku ya pili. Lakini nimeona wanene wenye ya kwanza na wembamba wenye ya pili.

Hakuna kipimo cha kumaliza ubishi?

Vipo viwili vinavyosaidia. Kimoja kinatafuta kingamwili zinazolenga kongosho, hasa za GAD, protini mojawapo ya seli zake. Kingine ni si-peptaidi, ambayo kongosho huitoa pamoja na insulini yake. Insulini ya sindano haina kitu hicho, kwa hiyo hata anayejichoma tunaweza kujua kongosho lake bado linatoa kiasi gani. Tatizo ni kwamba hospitali nyingi za wilaya hazina vipimo hivi, na bei yake si ya mchezo. Halafu sukari ikiwa juu sana kongosho hupigwa ganzi kwa muda, hivyo si-peptaidi ya siku ya kulazwa inaweza kudanganya. Kukosa kingamwili nako hakumalizi ubishi.

Kipimo kinaweza kusubiri. Insulini haisubiri.

Sasa sukari yangu ni 6 na dozi imepunguzwa. Si nimepona?

Hujapona. Kwenye aina ya kwanza, ukianza sindano kongosho linapata nafuu na sehemu iliyobaki inaamka kidogo, kwa wiki au miezi. Sukari ni nzuri kwa sababu unajichoma. Hiki ndicho kipindi ambacho watu hutoa ushuhuda kanisani na kutupa chupa. Usiache insulini.

Lakini jirani yangu aliacha, na yuko mzima.

Inawezekana ni kweli. Wapo watu wazima, na Waafrika ni wengi miongoni mwao, wanaoingia hospitali na ketoni kama wa aina ya kwanza, kisha kongosho linarudi na wanaendelea kwa vidonge. Ila jirani yako, kama aliacha salama, alipunguziwa dozi hatua kwa hatua huku akipimwa. Wewe hujui kama ni mwenzake. Na ukitaka kujua kwa kuacha mwenyewe, jibu unaweza kulipata ukiwa hujitambui. Usiache insulini.

Nikiumwa, natapika na sili chochote, kwa nini nijichome?

Swali hili ndilo linalonikosesha usingizi. Mwili unaoumwa hupandisha sukari hata bila chakula. Insulini ikikosekana kabisa, mwili unachoma mafuta, ketoni zinajaa, damu inakuwa na asidi. Dozi inaweza kubadilishwa, hasa ya insulini ya mchanganyiko (ya haraka na ya taratibu katika chupa moja), ili sukari isishuke chini ya 4. Pima, kunywa maji, piga simu kliniki uambiwe uchome kiasi gani. Huwezi kuwapata na unatapika? Njoo hospitali sasa hivi. Lakini kuacha kabisa, hapana.

Nikisubiri majibu, nitumie maji ya bamia au mlonge?

Bamia na mlonge ni mboga. Zile kama chakula, ukipenda. Hazichukui nafasi ya sindano hata siku moja.

Dalili gani zinanitaka nikimbie hospitali?

Kiu isiyokatika, mkojo kila saa, kutapika, tumbo kuuma, kuhema haraka na kwa kina kama uliyepanda mlima, pumzi kunukia kama matunda yaliyoiva kupita kiasi, usingizi usioeleweka. Usipitie duka la dawa kwanza. Usikate kiu kwa soda. Mkiambiwa ni taifodi, ndugu mliomleta ombeni kwa upole sukari ipimwe kidoleni. Ni tone moja la damu na dakika haiishi.

Sina friji. Insulini si itaharibika?

Chupa unayotumia hukaa nje ya friji takriban wiki nne, mradi joto lisizidi nyuzi 30 na jua lisiipige. Sehemu za joto, ifunge kwenye mfuko usiopitisha maji, uiweke ndani ya chungu cha udongo chenye maji kidogo, kivulini. Za akiba acha kwa mwenye friji, mbali na sehemu ya barafu. Iliyoganda haifai tena. Ile ya mchanganyiko iviringishe viganjani mpaka ifanane na maziwa. Ikibaki na mabonge, usiitumie, ilete siku hiyo hiyo tukusaidie kupata nyingine. Yupo mama aliyeona aibu kusema yake imeharibika, akakaa siku tatu bila sindano. Tulimpokea usiku wa nne.