Oscar Micheaux: Mwongozaji Aliyeuza Filamu Kabla Haijapigwa

Kati ya mwaka 1919 na mwisho wa zama za filamu bubu, Oscar Micheaux, mwongozaji mweusi wa Marekani, alitoa filamu ndefu zaidi ya ishirini. Hakuwa na studio kubwa nyuma yake wala benki ya kumkopesha, na katika kumbi nyingi za nchi yake asingeruhusiwa kuketi popote alipotaka. Leo filamu bubu zake zilizobaki ni tatu tu. Kwa sisi ambao kazi yetu ni kutunza kumbukumbu za picha, maisha yake yana jambo moja zito la kufundisha: njia iliyomwezesha kufanya kazi ndiyo iliyoziponza kazi zenyewe.

Alizaliwa tarehe 2 Januari 1884 karibu na mji wa Metropolis, jimbo la Illinois, katika familia yenye watoto wengi. Baba yake alizaliwa mtumwa huko Kentucky. Akiwa kijana wa miaka 17 Micheaux alielekea Chicago kutafuta maisha, akafanya vibarua vya kila aina, hatimaye akapata kazi ya kuhudumia abiria kwenye mabehewa ya kulala ya kampuni ya Pullman. Mshahara ulikuwa mdogo, lakini kulikuwa na bahashishi, na kwa mtu mweusi wa wakati ule hiyo ilikuwa nafasi adimu ya kuizunguka nchi nzima. Alizijua njia za reli na miji yake, akasikiliza namna wenye mali wanavyozungumza biashara, akaweka akiba.

Akiba hiyo akaitumia kununua shamba South Dakota, mnamo mwaka 1905, kwenye ardhi ya Wasioux wa Rosebud, wenyeji wa asili wa Marekani, ambayo serikali ilikuwa imeifungua kwa walowezi. Karibu majirani zake wote walikuwa wazungu. Alilima, akaongeza eneo, akaoa binti wa mchungaji kutoka Chicago. Ndoa ikavunjika na baba mkwe wake akabaki adui yake, kisha ukame ukaja na mashamba yakamponyoka. Mikasa hiyo yote ilikuja kuonekana kwenye kazi zake. Ukiona mchungaji mwovu katika filamu ya Micheaux, na utamwona mara nyingi, fahamu kwamba mwandishi hakumtoa hewani.

Alianza kwa vitabu. Mwaka 1913 alichapisha riwaya yake ya kwanza, The Conquest, kwa fedha zake na za majirani, akaiuza mwenyewe mlango kwa mlango kwa wakulima wale wale wa kizungu aliokuwa akiishi nao. Mwaka 1917 akatoa The Homesteader, inayosimulia upya maisha ya shamba na ile ndoa. Kitabu hiki kilifika mikononi mwa ndugu wawili weusi, George na Noble Johnson, wa kampuni ya filamu ya Lincoln, nao wakataka kununua haki ya kukifanya filamu. Micheaux alikubali kwa sharti moja: aongoze mwenyewe. Hakuwahi kuongoza chochote. Mazungumzo yakavunjika.

Hapo ndipo alipofanya jambo ambalo mimi naliona kuwa kubwa kuliko filamu yoyote aliyoipiga. Alirudi kwa wateja wake wa vitabu, wakulima na wafanyabiashara wa maeneo ya Sioux City, akawauzia hisa za kampuni ya filamu ambayo bado haikuwa na hata kamera. Wakanunua. Tarehe 20 Februari 1919, The Homesteader ikaonyeshwa kwa mara ya kwanza Chicago, ikiwa filamu ndefu ya kwanza kuongozwa na Mmarekani mweusi. Alikuwa na miaka 35.

Tangu hapo alishika mtindo mmoja wa kazi. Aliingia kwenye gari akiwa na muswada na picha za waigizaji, akazunguka kwa wenye kumbi zilizohudumia watazamaji weusi, mji hadi mji. Alieleza hadithi kwa mbwembwe, akaonyesha picha za waigizaji wake wazuri, akaomba malipo ya awali kwa ahadi ya kuwapa filamu hiyo mapema. Fedha hizo ndizo zilizolipia upigaji. Baadaye alirudi njia ile ile, safari hii akiwa amebeba mikanda yenyewe, kama machinga na mzigo wake. Hata baadhi ya kumbi za wazungu zilifungua milango kwa weusi usiku wa manane, baada ya wateja wa kawaida kuondoka, na filamu za aina yake zilionyeshwa pia saa hizo.

Bajeti ilikuwa finyu, hivyo alipiga picha majumbani mwa marafiki na mara nyingi hakurudia tukio hata mwigizaji akikosea. Wakosoaji wamemsema sana kwa hilo, na ni kweli kwamba kuna sehemu zinazoonekana kupigwa haraka haraka. Lakini mtu akitazama kwa makini ataona kitu kingine pia: Micheaux alijua kukata na kuunganisha. Aliruka kutoka wakati mmoja hadi mwingine, akarudisha hadithi nyuma, akaweka matukio mawili sambamba ili moja lilishitaki lingine.

Within Our Gates, filamu yake ya pili, iliyotoka mwanzoni mwa 1920, ndiyo inayoonyesha ustadi huo kwa uchungu mkubwa zaidi. Shujaa wake ni mwalimu kijana, Sylvia Landry, aliyeigizwa na Evelyn Preer, ambaye anakwenda Boston kutafuta fedha za kuokoa shule ya watoto weusi wa Kusini. Kwa sehemu kubwa ni hadithi ya mapenzi na juhudi. Kisha, karibu na mwisho, tunarudishwa nyuma kwenye maisha yake ya utotoni na ujana. Baba yake mlezi alilima kwenye shamba la tajiri mzungu kwa mgawo wa mazao. Alipokwenda kumaliza hesabu yake, ambayo Sylvia mwenyewe aliiandika kwa kuwa alisoma, tajiri akapigwa risasi kupitia dirishani na mzungu mwingine. Lawama ikamwangukia baba mlezi. Kundi la watu likamkamata yeye na mkewe, likawanyonga na kuwachoma moto. Wakati huo huo Sylvia anashambuliwa ndani ya nyumba na ndugu wa marehemu, na Micheaux anahamisha macho yetu kati ya moto wa nje na mapambano ya ndani, hadi mshambuliaji anapoona kovu kifuani mwa msichana na kutambua kwamba ni binti yake wa damu.

Kuelewa ujasiri huo lazima tukumbuke wakati. Mwaka 1915 mwongozaji mzungu D. W. Griffith alikuwa ametoa The Birth of a Nation, filamu iliyosifiwa kwa ufundi wake huku ikiwatukuza Ku Klux Klan, kundi la wazungu waliowatesa na kuwaua weusi, na kumchora mwanamume mweusi kuwa hatari kwa wanawake wa kizungu. Micheaux aligeuza picha hiyo: mnyonyaji ni mwenye shamba, mnyama ni kundi la wanyongaji, anayeshambuliwa ni mwanamke mweusi. Tena alitaka kuionyesha Chicago, mji ambao miezi michache tu nyuma, katika kiangazi cha 1919, watu 38 walikuwa wamekufa kwenye ghasia za rangi. Wakaguzi wa filamu waliikataa kwanza. Walioipinga, weusi kwa weupe, waliogopa ghasia nyingine. Walioitetea walisema unyongaji ni jambo linalotokea kweli na halifai kufichwa. Iliruhusiwa baada ya kukatwa sehemu zake.

Ugomvi na wakaguzi ulimfuata kila jimbo, naye akazoea kuwa na filamu moja yenye sura nyingi, sehemu zilizokatwa mji huu zikirudishwa mji ule. Body and Soul ya mwaka 1925, ambamo mwimbaji na mwigizaji mweusi Paul Robeson aliigiza filamu kwa mara ya kwanza, akiwa ndani yake mchungaji tapeli na pia pacha wake mwema, ilizuiwa New York kwa kuonekana inadhalilisha dini. Micheaux akaipunguza kutoka mikanda tisa hadi mitano. Wasomaji wa Kiswahili wana sababu ya ziada ya kumtazama Robeson humo: miaka michache baadaye, akiwa London, alijiandikisha kusoma lugha za Kiafrika, Kiswahili kikiwa miongoni mwake.

Mwaka 1928 kampuni ya Micheaux ikafilisika. Alisimama tena kwa msaada wa wenye mitaji wa Harlem, mtaa wa weusi jijini New York, na mwaka 1931 akatoa The Exile, filamu ndefu ya kwanza yenye sauti kutoka kwa mwongozaji mweusi. Miaka ya sauti haikumwendea vizuri, na malalamiko ya zamani yakaongezeka, hasa kwamba mashujaa wake walikuwa watu wa rangi ya maji ya kunde iliyokaribia weupe na wabaya wake weusi tititi. Lalamiko hilo lina ukweli na halipaswi kufunikwa kwa sababu tu tunampenda. Alifariki tarehe 25 Machi 1951 huko Charlotte, North Carolina, akiwa safarini kuuza vitabu, akazikwa Great Bend, Kansas.

Sasa turudi kwenye zile filamu tatu. Filamu za zama zile zilipigwa kwenye utepe wa selulosi naitreti, kitu kinachoshika moto kwa urahisi na kuendelea kuwaka hata ndani ya maji, kwa kuwa kinajitengenezea oksijeni. Hata kisipoungua kinaoza: picha hufifia, utepe hunata, mwisho hubaki unga wa kahawia. Utafiti uliotolewa na Maktaba ya Bunge la Marekani mwaka 2013 ulionyesha kwamba kati ya filamu bubu ndefu karibu 11,000 za Marekani, ni asilimia 14 tu zilizobaki katika hali yake ya asili. Kwa Micheaux hatari ilikuwa maradufu. Alitengeneza nakala chache mno, na hizo hizo zilizunguka ukumbi hadi ukumbi, zikichanwa na mashine na kukatwa na wakaguzi, mpaka zikachakaa. Studio kubwa ilikuwa na ghala. Yeye alikuwa na buti la gari.

Zilizookoka, mbili ziliokolewa na ugenini. Nakala ya Within Our Gates ilikutwa Hispania ikiwa na jina la La Negra, na karibu maandishi yake yote, yale yanayotokea kati ya picha, yakiwa ya Kihispania. Wataalamu wa Maktaba ya Bunge walipoirejesha mwaka 1993, walilazimika kuyatafsiri kurudi Kiingereza wakiiga mtindo wa riwaya za Micheaux mwenyewe. The Symbol of the Unconquered ya 1920 ilikutwa Ubelgiji, nayo haijakamilika. The Homesteader haijapatikana hadi leo.

Hapa kwetu utepe wa naitreti ni nadra, lakini filamu za asetati, aina ya utepe isiyowaka kirahisi kama naitreti, za familia, shule na mashirika bado zimo makabatini, na joto la pwani pamoja na unyevu huzila upesi. Ukifungua kopo ukasikia harufu kali ya siki, uharibifu umeshaanza. Usiipitishe kwenye projekta. Itenge na nyingine, iweke mahali pakavu na pa baridi, usilibane kopo lisipitishe hewa, kisha uwasiliane na idara ya nyaraka ya nchi yako kabla ya kujaribu kuisafisha.

Within Our Gates haina tena hakimiliki nchini Marekani na inapatikana bure kwenye intaneti. Ina urefu wa saa moja na robo hivi. Nusu saa ya kwanza ina wahusika wengi na inaweza kukuchanganya; vumilia, majina yatajipanga. Sehemu ya kunyongwa ina mtoto mdogo ndani yake, kwa hiyo ni vizuri mtu mzima aitazame kwanza kabla ya kuionyesha darasani.