Miligramu Zilezile, Punje Tofauti

Mgonjwa akilinganisha vidonge vya viwanda viwili na kukuta vimeandikwa miligramu zilezile, ana haki ya kuamini kwamba ni kitu kimoja. Mara nyingi ndivyo ilivyo. Lakini miligramu peke yake hazimpi uhakika huo. Mimi ni mfamasia wa maabara ya ubora wa dawa, na kipimo ninachokithamini kuliko vyote ni kile kinachouliza kidonge kinatoa dawa yake kwa kasi gani kikishaingia kwenye maji. Kwa dawa nyingi, jibu lilishaamuliwa siku unga ulipokuwa unasagwa, kabla hata kidonge hakijabanwa.

Tuanze na hesabu. Mchemraba wenye upande wa sentimita 1 una eneo la nje la sentimita za mraba 6. Ukiukata kuwa vimchemraba vya milimita 1 unapata 1,000. Uzito ni uleule, lakini eneo limefika sentimita za mraba 60. Endelea hadi maikromita 10 (milimita 1 ina maikromita 1,000), ukubwa wa kawaida wa dawa iliyosagwa laini, na eneo linakuwa 6,000. Maji hayaifikii molekuli iliyofichwa katikati ya punje. Yanazing'oa zile za juu tu, kwa hiyo nje ikiwa kubwa mara elfu, zinazong'oka kwa wakati mmoja nazo huongezeka kwa kiasi hicho.

Kuna jambo la pili ambalo halionekani kwa macho. Kila punje iliyo ndani ya maji huvaa tabaka jembamba la maji yaliyotulia, na maji hayo yanayoigusa tayari yamejaa dawa. Molekuli haina budi kulivuka tabaka hilo polepole ndipo ifike kwenye maji mengine. Mwaka 1897 Arthur Noyes na Willis Whitney, huko Massachusetts, Marekani, walizungusha vipande vya asidi benzoiki na kloridi ya risasi majini, wakaona kwamba kasi ya kuyeyuka hufuata pengo lililobaki kabla maji hayajashiba. Mwaka 1904 Walther Nernst na Erich Brunner waliieleza kasi hiyo kwa tabaka ninalolisema. Ndiyo maana kukoroga husaidia: tabaka linakuwa jembamba zaidi. Punje ndogo sana nazo huwa na tabaka jembamba, kwa hiyo zinafaidika mara mbili.

Hapa watu wengi huchanganya mambo mawili. Kusaga huongeza kasi, hakuongezi kiasi. Mililita 100 za maji ya nyuzijoto 25 hupokea takriban gramu 36 za chumvi, iwe chumvi ya mawe au ile laini ya pakiti. Laini itafika hapo mapema tu. Ni pale punje inaposhuka chini ya maikromita 1 ndipo hata kile kiasi cha mwisho huanza kupanda kidogo, na baadhi ya dawa za kisasa hutengenezwa kwa punje za kiwango hicho.

Kama kiasi ni kilekile, kasi ina maana gani kwa mgonjwa? Ina maana kubwa, kwa sababu mwili hausubiri. Chakula na dawa hupita kwenye utumbo mdogo kwa takriban saa 3 hadi 4. Punje ambayo haijayeyuka kwa muda huo kwa sehemu kubwa hutoka na choo, hata kama kidonge kilikuwa na miligramu zote zilizoandikwa.

Somo la digoksini lilikuwa chungu. Ni dawa ya moyo ambayo pengo kati ya kipimo kinachotibu na kinachodhuru ni dogo mno. Mwaka 1971 John Lindenbaum na wenzake huko New York walitangaza kwamba vidonge vya digoksini vyenye miligramu sawa, kutoka kwa watengenezaji tofauti, viliweza kutofautiana hadi mara saba katika kiwango cha dawa kinachofika kwenye damu. Uchunguzi uliofuata uliangukia kwenye kasi ya kuyeyuka, na ukubwa wa punje ukawa miongoni mwa sababu kuu. Griseofulvini, dawa ya mapunye, ilikuwa na habari njema zaidi: iliposagwa laini mapema miaka ya 1960, nusu ya kipimo cha awali ilitosha.

Ndiyo maana maabara hatuishii kupima uzito. Kidonge hudondoshwa kwenye chombo chenye mililita 900 za kimiminika cha nyuzijoto 37, kasia likizunguka taratibu, mara nyingi mizunguko 50 au 75 kwa dakika. Kwanza kidonge huvunjika. Wengi hudhani kazi imeisha hapo, kumbe ndiyo inaanza, maana kuvunjika kunazitoa tu punje nje. Zikiwa kubwa na nzito, huenda zikajikusanya kama kichuguu chini kabisa ya kasia, mahali maji yanapotembea kwa uvivu, na kila sampuli unayovuta inaleta namba ndogo. Chombo cha jirani, chenye dawa ileile iliyosagwa vizuri, unakikuta cheupe kama maji ya kunywa.

Usagaji nao una mpaka. Unga laini kupita kiasi hushikamana, hubeba hewa, na kama dawa haipendi maji huelea juu kwa mabonge. Eneo lote ulilolitafuta linabaki kavu. Na zipo dawa tunazotaka ziende polepole. Nitrofurantoini, ya maambukizi ya njia ya mkojo, hutengenezwa pia kwa fuwele kubwa makusudi, kwa kuwa ikiyeyuka kwa kasi huwaletea wengi kichefuchefu.

Hili linatufikisha nyumbani kwako. Kidonge kilichotengenezwa kutoa dawa kidogokidogo kwa saa 12 au 24 ukikitwanga umemwaga dozi ya siku nzima kwa mkupuo. Muulize mfamasia kabla ya kutwanga kidonge chochote.

Vidonge vya mseto vya malaria vya watoto, vile vya kukorogea majini, ni habari nyingine: vimetengenezwa visambaratike haraka. Lakini lumefantrini iliyomo karibu haiyeyuki kabisa kwenye maji, kwa hiyo unachompa mtoto ni maji yaliyobeba punje. Zile zinazobaki chini ya kikombe ni dawa. Ongeza maji kidogo, zungusha, mpe amalizie. Kisha mpe maziwa, au mnyonyeshe, maana lumefantrini huyeyuka kwenye mafuta na ndivyo inavyofika kwenye damu kwa kiasi cha kutosha.