Maelezo na hitilafu ndani ya draiva ya skrini ya ILI9341

Skrini za ILI9341, zile ndogo za pikseli 240 kwa 320 zinazounganishwa kwa SPI (njia ya nyaya chache ya kupeleka data), zinafaa sana kwa vifaa vya huku kwetu Uganda: kipimajoto cha tangi la maziwa Kiruhura, mizani ya kahawa Masaka, kidhibiti cha sola kijijini. Ila mwandishi wa draiva, yaani programu inayoiongoza skrini, yuko Kampala, na fundi anayeikodolea macho skrini nyeupe yuko zaidi ya kilomita 200 kutoka hapo. Fundi huyo ana logi tu, yaani orodha ya matukio inayoandikwa na kerneli (kiini cha Linux), na akifungua msimbo ana maelezo yaliyoachwa humo. Ndiyo maana kwangu kuandika maelezo na kushughulikia hitilafu ni kazi moja.

Nianze na mstari ambao watu hupenda kuupunguza: `msleep(120)` baada ya kuriseti paneli. Ukiuandikia "subiri milisekunde 120" hujasema kitu, namba si inaonekana? Atakuja mwenzako anayetaka kifaa kiwake haraka, ataweka 5, mezani itafanya kazi, naye ataipeleka kwa wateja. Inafanya kazi mezani kwa sababu paneli iliyokuwa imezimwa kabisa huanza ikiwa usingizini, na hapo datashiti, waraka wa vipimo wa mtengenezaji, inadai milisekunde 5 tu. Paneli iliyo macho ikirisetiwa, ndiyo inayodai 120 kabla ya kupokea amri ya kuamka, 0x11. Sasa umeme ukiyumba kidogo, volti zinaweza kushuka kiasi cha kuiangusha prosesa bila kuizima paneli. Prosesa inaanza upya, amri ya 0x11 inafika mapema mno, na skrini inabaki nyeupe: taa ya nyuma inawaka lakini kontrola, chipu inayoiendesha paneli, haijaamka. Maelezo yanayofaa ni haya:

```c
/*
 * Paneli ikirisetiwa ikiwa macho, datashiti inadai ms 120
 * kabla ya 0x11. Hutokea prosesa inapoanza upya huku paneli
 * ikiwa bado na umeme. Ms 5 hutosha tu ikitoka usingizini.
 */
msleep(120);
```

Namba nyingine zinazodai sababu ni kasi ya SPI na rejista ya 0x36. Fremu moja, yaani picha kamili ya skrini, ikiwa na biti 16 kwa kila pikseli ni baiti 153,600. Kwa MHz 10 inachukua takriban milisekunde 123, kwa MHz 32 takriban 38. Datashiti inatoa nanosekunde 100 kwa kila mzunguko wa saa wakati wa kuandika, yaani MHz 10. Ukivuka hapo, andika kwamba umevuka na waya ulikuwa wa urefu gani. Kwenye 0x36, taja kwamba biti ya 0x08 hubadilishana nyekundu na bluu. Fundi akiambiwa "rangi zimegeuka" ataenda moja kwa moja hapo.

Tuje kwenye hitilafu. Kosa hili hupita ukaguzi kwa urahisi kwa sababu linafanana na uangalifu:

```c
reset = devm_gpiod_get_optional(dev, "reset", GPIOD_OUT_HIGH);
if (IS_ERR_OR_NULL(reset))
        return PTR_ERR(reset);
```

Fankisheni ya `_optional` hurudisha NULL (tupu) pini isipoandikwa kwenye devaisi trii, faili linaloieleza kerneli vifaa vilivyopo, na hiyo si hitilafu. Lakini `PTR_ERR(NULL)` ni 0, na 0 kwa kerneli ni mafanikio. Probe, fankisheni ya draiva inayoanzisha kifaa, inaishia njiani, kerneli inaamini draiva imeshaunganishwa na kifaa, logi haina neno, na `/dev/dri`, folda ya vifaa vya picha, haina kadi mpya. Fundi atabadilisha nyaya siku nzima bila kupata kitu. Kama pini ni ya hiari kweli, andika hivi:

```c
if (IS_ERR(reset))
        return dev_err_probe(dev, PTR_ERR(reset),
                             "imeshindwa kupata pini ya reset\n");
```

`dev_err_probe()` hukupunguzia kazi nyingi. Hitilafu ikiwa -EPROBE_DEFER, yaani -517 ("jaribu tena baadaye, kitu ninachokihitaji hakijawa tayari"), haijazi logi kwa ujumbe mwekundu. Inaweka sababu kwenye `/sys/kernel/debug/devices_deferred`, na fundi akisoma faili hilo ataona ni kitu gani kinachosubiriwa. Kwa hitilafu nyingine huandika jina la kosa pamoja na ujumbe wako. Usigeuze kamwe kosa ulilopewa kuwa `-EINVAL` au `-1`. Ukigeuza -517, kerneli haitajaribu tena na skrini haitawaka hata regyuleta, kifaa cha kuilisha umeme, ikija baadaye.

Jambo moja lazima liandikwe juu ya fankisheni inayotuma pikseli: SPI ya kuandika tu haijui kama paneli ipo. Waya wa data ukiwa umekatika, `spi_sync()` bado itarudisha 0. Bila maelezo hayo, msomaji atadhani "hakuna hitilafu" maana yake "paneli iko sawa". Na uhamisho ukishindwa kweli, usiandike ujumbe kwa kila fremu. Tumia `drm_err_once()` au `drm_err_ratelimited()`, la sivyo logi itajaa na kosa la kwanza, lenye thamani kuliko yote, litasukumwa nje.

Kuwa mwangalifu zaidi na `drm_dev_enter()` ya DRM, sehemu ya kerneli inayoshughulikia skrini. Inazuia kugusa SPI baada ya kifaa kuondolewa, lakini kila njia ya kutoka lazima ipite `drm_dev_exit()`. `return` moja ya haraka katikati ikisahau, `drm_dev_unplug()` itasubiri milele na draiva haitatoka. Hapa `goto out_exit` ni safi kuliko kurudia usafi katika kila tawi. Ipe lebo jina la kazi inayofanya, si `err1`.

Njia za hitilafu zijaribiwe kwa kuzilazimisha. Tenganisha draiva na kifaa, kisha uviunganishe tena, huku programu inachora:

```
echo spi0.0 > /sys/bus/spi/drivers/ili9341/unbind
echo spi0.0 > /sys/bus/spi/drivers/ili9341/bind
```

Kisha futa pini ya reset kwenye devaisi trii, uone kinachoandikwa. Kama kerneli ina `CONFIG_FAULT_INJECTION` na `CONFIG_FAILSLAB`, mipangilio ya kuleta hitilafu kwa makusudi, angusha maombi ya kumbukumbu wakati wa probe. Onyo la regyuleta iliyoachiwa ikiwa bado imewashwa linamaanisha kuna tawi lililoruka `regulator_disable()`. Tiba ninayoipendelea ni `devm_add_action_or_reset()` mara tu baada ya kuwasha.

Ukimaliza, tenganisha viraka, yaani mafungu ya mabadiliko ya msimbo: maelezo peke yake, marekebisho ya tabia peke yake, na kila rekebisho liwe na mstari wa `Fixes:` wenye angalau herufi 12 za mwanzo za namba ya komiti (badiliko lililohifadhiwa kwenye Git) iliyoleta kosa. Vinavyokwenda kwenye kerneli kuu viandikwe kwa Kiingereza. Draiva inayobaki ofisini kwenu iandikwe kwa lugha ambayo fundi wa Kiruhura anaisoma bila kusitasita.