Kesi ni ya Mfalme, hukumu si yake

Aliyezoea kufuatilia habari za mahakamani Tanzania au Kenya anaijua sentensi hii: "Jamhuri dhidi ya fulani". Mtu kaiba ng'ombe wa jirani yake, lakini anayemshtaki si jirani, ni Jamhuri. Uingereza, mahali pa neno Jamhuri pana herufi moja tu, R. Ni ufupisho wa neno la Kilatini Rex, yaani mfalme, au Regina ikiwa aliye kwenye kiti ni malkia. Malkia Elizabeth II alipofariki tarehe 8 Septemba 2022, herufi ilibaki ileile, ila mawakili waandamizi waliokuwa wakiitwa Mawakili wa Malkia wakawa Mawakili wa Mfalme siku hiyohiyo.

Herufi hiyo tunaifahamu hata kwetu. Kesi ya Kapenguria iliyomfunga Jomo Kenyatta mwaka 1953, na kesi ya kashfa ambayo Mwalimu Nyerere alitozwa faini ya shilingi 3,000 mwaka 1958, zote ziliendeshwa kwa jina la Malkia. Ndiyo maana swali hili halinishangazi ninapoulizwa: kama mahakama ni ya mfalme, majaji huteuliwa kwa jina lake, na mshtaki naye ni mfalme, raia atapata wapi haki?

Jibu lake lilipiganiwa kwa karne nzima na zaidi, na mimi hupenda kulianzia mwaka 1607. Mfalme James I aliona kwamba, kwa kuwa majaji ni wajumbe wake tu, anaweza kuichukua kesi yoyote akaiamua mwenyewe. Jaji Edward Coke akamwambia haiwezekani. Mfalme ana akili nyingi, alisema, lakini sheria haiamuliwi kwa akili ya kuzaliwa nayo. Ni elimu inayotaka masomo ya miaka mingi na uzoefu. James akahamaki: kwa hiyo mimi niko chini ya sheria? Coke akamjibu kwa maneno ya Bracton, mwanasheria wa karne ya 13, kwamba mfalme hayuko chini ya mtu yeyote, bali yuko chini ya Mungu na sheria.

Hivyo ndivyo Coke mwenyewe alivyoyaandika. Barua moja ya wakati ule inasimulia tofauti: mfalme alighadhibika hata jaji akaanguka chini kwa mikono na magoti, akiomba asamehewe. Naona yote mawili yanaweza kuwa kweli, na hayampunguzii Coke heshima. Mtu anaweza kusema kweli huku anatetemeka. Mwaka 1616 James alimwachisha ujaji, na hapo ndipo kasoro ilipojianika: anayekasirishwa na hukumu ndiye huyohuyo aliyeshika riziki ya jaji.

Watu wengi hukimbilia mwaka 1649, Charles I alipohukumiwa na kukatwa kichwa. Ni tukio kubwa, lakini halikuwaachia Waingereza mahakama huru. Mahakama iliyomhukumu iliundwa kwa ajili yake peke yake, na mwaka 1660 ufalme ukarudi. Kilichobadilisha mambo ni kifungu kisicho na damu ndani ya sheria ya mwaka 1701 kuhusu urithi wa kiti. Kilisema jaji atadumu kazini maadamu mwenendo wake ni mwema, mshahara wake utakuwa umepangwa na kujulikana, na hataondolewa mpaka mabaraza yote mawili ya Bunge yaombe. Tangu hapo aliyeondolewa kwa njia hiyo ni jaji mmoja, Jonah Barrington wa Ireland, mwaka 1830, naye alikuwa amechukua fedha za mahakama. Nikiombwa nichague kifungu kimoja katika historia yote hiyo, nitachagua hiki kuliko Magna Carta, hati ya mwaka 1215 iliyomwekea mfalme mipaka.

Hapa lazima tulifahamu neno Taji. Katika sheria ya Uingereza, Taji si mtu anayelivaa. Ni jina la dola: mawaziri, polisi, waendesha mashtaka. Hadi mwaka 1947 raia aliyetaka kuidai serikali fidia alilazimika kuomba kwanza ridhaa ya Taji lenyewe. Sheria ya mwaka huo ilifungua mlango, lakini ilisema wazi kwamba mfalme kama mtu binafsi hashtakiwi.

Novemba 2002 ilionyesha pande zote mbili za jambo hili. Mwanzoni mwa mwezi kesi ya wizi dhidi ya mtumishi wa zamani wa Princess Diana ilianguka London, baada ya Malkia kukumbuka kwamba mtumishi huyo aliwahi kumweleza kuwa amehifadhi baadhi ya karatasi za Diana. Upande wa mashtaka ukaiacha kesi, naye akaachiwa huru. Wengi walihoji, na walikuwa na haki ya kuhoji, maana hakuna mahakama nchini humo inayoweza kumwita malkia aje kutoa ushahidi. Mwezi huohuo binti yake, Princess Anne, alisimama mbele ya mahakimu kwa sababu mbwa wake aliwauma watoto wawili huko Windsor. Alikiri kosa akatozwa faini ya pauni 500. Waliomshtaki ni waendesha mashtaka wa Taji, yaani watu wafanyao kazi kwa jina la mama yake. Kinga ni ya anayekaa kwenye kiti peke yake. Familia yake haimo.

Mwaka 2019 maneno ya enzi za Coke yalirudi. Waziri Mkuu Boris Johnson alimshauri Malkia asimamishe Bunge kwa wiki tano, na kwa desturi Malkia hawezi kukataa ushauri wa namna hiyo. Tarehe 24 Septemba majaji 11 wa Mahakama ya Juu, bila hata mmoja kupinga, waliamua kwamba ushauri ule ulikuwa kinyume cha sheria. Rais wa mahakama, Brenda Hale, alieleza kuwa ni kama wajumbe wa Malkia waliingia bungeni na karatasi tupu, yaani amri ya kulisimamisha Bunge haikuwa na nguvu yoyote. Katika hukumu hiyo majaji walitaja uamuzi wa Coke wa mwaka 1611, kwamba mfalme hana mamlaka isipokuwa yale aliyopewa na sheria ya nchi.

Kwetu Afrika Mashariki kipimo kikali zaidi kilikuwa kesi ya wazee wa Mau Mau, waliodai fidia kwa kuteswa wakati wa ukoloni. Serikali ya Uingereza ilidai kwamba dhima yoyote ilikuwa ya serikali ya koloni, na baada ya uhuru iliangukia Kenya. Jaji Richard McCombe aliamua mwaka 2011 kwamba yapo ya kusikilizwa kuhusu ushiriki wa London yenyewe, na mwaka 2012 akakataa hoja kwamba muda umepita mno. Serikali ilikuwa imekwisha kukiri mahakamani kuwa walalamikaji waliteswa. Juni 2013 ikakubali kulipa pauni milioni 19.9, pamoja na gharama za kesi, kwa watu 5,228. Lakini kesi nyingine ya Wakenya zaidi ya 40,000 ilitupwa mwaka 2018 kwa sababu ya muda. Matokeo hayo yananiuma mpaka leo.

Mfalme Charles III alipofika Nairobi mwaka 2023 alisema ukatili ule hauna kisingizio. Hakuomba radhi. Neno kama hilo mfalme hulitamka kwa ushauri wa mawaziri wake, na mawaziri hawakumshauri hivyo.