Malezi si chanjo, jamani

Nimechoka. Juzi tena kaja mama mmoja ofisini ninaposhauri waraibu wa dawa za kulevya, hata salamu hazijaisha kashatoa cheti cha madrasa cha mwanawe, kimetiwa laminesheni kabisa, akakiweka mezani. "Kaunsela, huyu nimemlea mwenyewe, hawezi kuwa teja." Na mwanawe yuko nje kwenye benchi, arosto ya kukosa dawa imemshika, kamasi zinamtoka, vinyweleo vimemsimama, anapiga miayo mfululizo.

Malezi yana nguvu, sibishi. Mtoto aliyepigwa ovyo au aliyekua akiona mamake akipigwa hatari yake ya kuingia kwenye uraibu iko juu, hilo lishapimwa Marekani tangu 1998. Kurithi nako kupo, karibu nusu ya hatari yenyewe, tusikae hapo.

Kinachonikera ni hii "tabia". Ati kijana ana tabia mbaya kwa hivyo mamake hakumlea. Tabia ni anayoyafanya, hulka ni alivyozaliwa, na hulka nayo inachangia malezi yatamkaa vipi. Nyumba moja, fimbo moja, mkubwa kachapwa kakoma, mdogo kachapwa kajifunza kudanganya vizuri zaidi, sasa hapo utasema mama alikuwa wawili?

Na baraza zima huku Kisauni, Mombasa, linamchunga yule mtundu anayedandia matatu. Sawa, anayependa msisimko na yule wa pupa wachungwe, lakini je, mwenye wasiwasi? Yule mpole, "hana neno na mtu"? Huyo ndiye ananiletea kazi, kwa sababu akitafuna muguka, yale majani ya kuchangamsha, mara ya kwanza anaweza kuongea maskani bila mikono kutetemeka, umeona, kwake si starehe, ni dawa, halafu usingizi unakataa, anatafuta bugizi, vidonge vya kulewesha, alale, na kutoka hapo hadi kete ya unga, yaani heroini, ni hatua chache tu na nyumbani bado wanamsifu kwa upole wake.

Na mimi pia nakosea sana tu. Kuna mmoja ningeapa ataingia, mtundu, babake mlevi, leo anaendesha tuktuk Likoni na hata sigara hagusi. Nikimuuliza siri yake anacheka. Hulka inanionyesha pa kuangalia, kutabiri haitabiri, na anayekwambia anajua nani atakuwa teja anakuuzia kitu.

Basi nikamuuliza yule mama, mwanao anaogopa nini? Akanyamaza kidogo, akakisogeza kile cheti kwangu.

"Kafika juzuu ya 27."

Nikamwita kijana aingie.