Pen Duick ni mashua sita, si moja

Kila mara nasoma kwamba "Pen Duick ilishinda" mashindano fulani, kana kwamba chombo kimoja kilikimbia miaka yote ile. Kwa kifupi: Pen Duick ni jina la mashua sita za matanga za nahodha Mfaransa Éric Tabarly. Si kampuni wala aina ya muundo, na zile namba za Kirumi si matoleo kama ya simu.

Jina lilimtangulia. Mashua ya kwanza, isiyo na namba, iliundwa Ayalandi mwaka 1898 kwa mchoro wa Mskoti William Fife, ikaitwa Yum. Baba yake Tabarly aliinunua 1938. Pen Duick ni Kibretoni, jina la ndege mdogo mwenye kichwa cheusi. Mbao zilipooza, Tabarly aliufanya mwili wa zamani kuwa kalibu, akaunda juu yake mwili mpya wa nyuzi za kioo.

Zilizofuata hazifanani na hiyo, wala zenyewe kwa zenyewe, kwa sababu kila moja iliundiwa mashindano yake. II ilikuwa ya mtu mmoja kuvuka Atlantiki, na mwaka 1964 alishinda nayo. III, ya alumini, ilishinda mashindano ya Fastnet, ya bahari ya Uingereza na Ayalandi, 1967 ikiwa na mabaharia kamili. IV mtu wa pwani angeiita ngalawa: mwili katikati, vielea viwili ubavuni. V ilivuka Pasifiki 1969 ikiwa na farumi (uzito wa kusawazisha chombo) ya maji yaliyohamishiwa upande wa joshi, yaani unakotoka upepo, jambo ambalo leo ni la kawaida. VI iliundwa 1973 kwa kuzunguka dunia, na farumi yake ilikuwa ya urani, nzito kuliko madini ya risasi. Ilivunjika mlingoti mara mbili katika mashindano hayohayo. Chombo hicho cha mabaharia zaidi ya kumi, Tabarly alikiendesha peke yake 1976 akashinda tena Atlantiki.

Hapo ndipo hesabu huwapotea wengi. Mshindi wa Atlantiki wa 1972, Alain Colas, alitumia IV aliyouziwa na Tabarly. Baadaye akaibadilisha jina kuwa Manureva, na akapotea nayo baharini 1978. Na Tabarly alipoanguka baharini Juni 1998, hakuwa mashindanoni wala ndani ya mojawapo ya zile zenye namba. Alikuwa kwenye ile ya 1898. Kwa hiyo ukiandika "Pen Duick" bila namba, tafadhali, iwe ni hiyo unayoikusudia.