"Zikipanuliwa Hazidumu": Fundi Nimechoka Kulijibu Hili

Jumamosi iliyopita kijana mmoja aliniletea Subaru Impreza yake ya tabo (feni inayoisukumia injini hewa zaidi), inakula oili na kutoa moshi wa bluu. Tukafumua injini. Silinda zimeliwa, krenki (mhimili unaozungushwa na pistoni) ina mikwaruzo, pistoni mbili ni za kutupa. Nikampigia hesabu, kisha nikamwambia kwamba kwa pesa ile tungeongeza kidogo tu tukampanulia injini, tukamtoa kwenye ujazo wa lita 2.0 tukamweka kwenye 2.5. Akanitazama kama nimemwambia auze figo. "Fundi, mimi nataka gari la kudumu. Hizi zikishapanuliwa hazimalizi mwaka."

Huyo ni wa nne tangu mwezi uanze. Wote wameyaokota kwenye mabenchi ya mtaa wa Gerezani hapa Dar, kwa mtu ambaye shemeji yake aliwahi kuwa na gari la namna hiyo. Basi naandika mara moja, akija wa tano nimpe simu asome, mimi ninywe chai.

Dhana ni kwamba ujazo ukiongezwa, uhai wa injini umepunguzwa. Injini haijui kama imepanuliwa. Inachokijua ni unene wa ukuta wa silinda, nafasi kati ya pistoni na ukuta huo, joto, presha ya oili, na wakati cheche inaporuka. Wanaopanua injini kuliko watu wote ni viwanda vilivyozitengeneza. Chukua Porsche 911. Mwaka 1964 ilitoka na lita 2.0, silinda ya kipenyo cha 80 mm. Ikaenda 2.2, ikaenda 2.4, ikaja 2.7 yenye silinda ya 90 mm, halafu 911 SC ya 1978 ikaja na lita 3.0 na silinda ya 95 mm. Umbali kutoka katikati ya silinda moja hadi nyingine haukubadilika muda wote huo, ni 118 mm. Ile 2.7 ndiyo iliyosumbua. Ganda la injini yake, la magnesi, lilishindwa kuvumilia joto, bolti ndefu za kukazia silinda na hedi (kifuniko cha juu ya silinda) zikawa zinang'oka na nyuzi zake. Walipolirudisha ganda kuwa la aluminiamu, 3.0 ikawa moja ya injini ngumu kuliko zote za ukoo huo. Kwenye Safari Rally ya 1978, Vic Preston Jr alimaliza wa pili na SC. Kubwa zaidi imedumu kuliko ndogo. Sasa niambie tena kwamba tatizo ni ujazo.

Au Honda S2000. Lita 2.0 yake ilikuwa inazunguka karibu mara 9000 kwa dakika. Walipoipandisha kuwa 2.2 hawakugusa kipenyo cha silinda, kilibaki 87 mm. Walirefusha mwendo wa pistoni kutoka 84 hadi 90.7 mm, kisha wakashusha kikomo cha mizunguko hadi karibu 8000. Piga hesabu mwenyewe: mwendo kwa mita mara mbili, zidisha kwa mizunguko, gawanya kwa 60. Pistoni ya injini ndogo ilikuwa inakimbia wastani wa mita 25.2 kwa sekunde, ya kubwa 24.2. Kubwa inachoka polepole zaidi. Lakini kijana wa hapa mjini ukimwekea krenki ndefu anataka na kikomo kilekile cha zamani, kisha konrodi (mkono unaoishika pistoni) ikitoboa bloku, yaani mwili wa injini, akiwa Mbezi, analaumu ujazo.

Turudi kwenye Subaru, maana ndizo zinazojaa uani kwangu. EJ20, injini yao ya lita 2.0, ina silinda ya 92 mm na mwendo wa pistoni wa 75, cc 1994. EJ25, ile ya 2.5, ni 99.5 kwa 79, cc 2457. Silinda zimepangwa umbali uleule, 113 mm. Kwa hiyo kati ya silinda na jirani yake, EJ20 ina nafasi ya 21 mm na EJ25 imebaki na 13.5. Hapo kweli kuna kitu cha kuogopa. Gasketi ya hedi inapata sehemu nyembamba ya kukalia, na uvivu wowote wa kusawazisha uso wa hedi utauona kwenye tanki la maji. Ndiyo maana sichongi bloku ya EJ20 kutafuta 2.5. Chuma hicho hakimo. Tunanunua bloku ya EJ25, tunaipima, tunaanzia hapo. (Namba ya injini ikibadilika nenda TRA ukarekebishe kadi. Usiniletee kesi ya trafiki.)

Injini iliyopanuliwa ikafa, ambayo shemeji wa Gerezani anaisimulia, huenda ni hii niliyoifungua mwenyewe mwaka juzi. Bloku ya 2.5 ilifungwa chini ya hedi za 2.0 kwenye gereji moja, kontroli boksi (kompyuta inayopanga petroli na cheche) ikaachwa ya kiwandani, haikutuniwa ifuate injini mpya. Chemba ya hedi ndogo juu ya silinda kubwa inapandisha kompresheni, yaani mbano wa hewa na petroli. Hewa inayoingia imeongezeka kama asilimia 23, nozeli za petroli ni zilezile, cheche inaruka kwa hesabu ya injini nyingine. Mwenye gari akaenda nalo Morogoro, mchana, viyoyozi vimewashwa. Mafuta yakawa yanalipuka kabla ya wakati, na pistoni namba 4 ikakatika ukingo kati ya ringi (pete za chuma zinazoizunguka) ya kwanza na ya pili. Ujazo haukuhusika. Ingekuwa ni 2.0 yenye hesabu mbovu kiasi hicho nayo ingekufa, labda ingefika Dodoma kwanza.

Na kuna vipimo. Hapa ndipo ninapogombana na watu. Bloku ikishakaziwa hedi, bloku hujipinda, silinda iliyokuwa duara inakuwa na umbo la yai kwa sehemu chache za mia za milimita. Ndiyo sababu nachonga nikiwa nimefunga juu yake bamba nene la chuma, limekazwa kwa nguvu ileile ya hedi. Ukichonga bloku tupu, utapata duara zuri mezani na yai barabarani. Upenyo wa ringi nao, yaani nafasi kati ya ncha zake mbili: kwa injini isiyo na tabo, ringi ya juu naiachia karibu 0.1 mm kwa kila 25 mm za kipenyo, yenye tabo naongeza. Ukiubana, ringi ikipata moto ncha zake zinagusana, haina pa kwenda, inakwangua ukuta. Fundi asiye na maikromita na geji ya silinda, anayepima upenyo kwa wembe, usimpe hata injini ya bodaboda.

Mengine kwa ufupi, maana chai inapoa.

Wapo wanaoamini kinyume chake, kwamba ovasaizi ya 0.5 (kuchonga silinda ipanuke nusu milimita) inaongeza nguvu. Injini ya 3S ya Altezza, silinda 86 mm, ukiipeleka 86.5 unapata cc 23. Hicho ni kikombe cha kahawa cha mzee wa Kariakoo. Ovasaizi ni dawa ya silinda iliyolika, basi.

"Kila bloku inachongwa." Hapana. Silinda za S2000 zimeimarishwa kwa nyuzi ndani ya aluminiamu, injini ya 2ZZ ya Toyota Celica nayo ina ukuta wa aina yake, na kuna bloku za Kijerumani zenye ngozi ngumu isiyovumilia ringi za kawaida. Hizo ni kuweka slivu, yaani ukuta mpya wa silinda, na slivu iwekwe na mtu aliyekwisha kuziweka.

"Pistoni za kufua zinagonga asubuhi, umenifungia vibaya." Pistoni ya kufua hupanuka kuliko ya kumimina, kwa hiyo naiachia nafasi zaidi. Ikiwa baridi utaisikia. Subiri ipate moto kabla ya kukanyaga, na usinipigie saa kumi na mbili alfajiri.

Halafu themostati, ile vali inayosubiri maji yapate moto ndipo iyafungulie njia ya radieta. Ningekuwa na mamlaka ningewakamata wanaozitoa. "Dar ni joto, fundi, haina kazi." Injini nyingi za Kijapani themostati ikifunguka huziba njia ya mkato ya maji. Ukiitoa, njia inabaki wazi, sehemu ya maji inazunguka bila kupita kwenye radieta, na kwenye foleni ya Ubungo gari linachemsha vilevile. Barabara ikiwa nyeupe kuelekea Bagamoyo, injini inakuwa baridi kupita kiasi, kontroli boksi inaongeza petroli, petroli inaosha oili kwenye kuta, silinda zinaliwa. Juu ya hapo unajaza maji ya kisima yenye chumvi. Kuleni chumvi kwenye pweza, aluminiamu iacheni na kulanti, maji yake ya dawa.

Ile Impreza haikuwa na themostati, na radieta ilikuwa na ukoga wa rangi ya chai. Mwenyewe amepiga simu jana, anauliza kama 2.5 itahitaji radieta kubwa zaidi. Nimemwambia ndiyo, na kama ile themostati bado anayo nyumbani, aje nayo.